Seti au Taa? Mjadala kuhusu Hisia za Filamu ya Bunilizi ya Kisayansi

Filamu ya bunilizi ya kisayansi humpeleka mtazamaji mahali ambapo hakuna aliyewahi kukanyaga: mji wa miaka ijayo, chombo kinachoelea kati ya nyota, nchi iliyokauka hadi tone la mwisho la maji. Filamu ya mapenzi inayopigwa sebuleni hutegemea kwamba kila mtazamaji anaijua sebule. Filamu hii haina egemeo hilo. Mhusika hajatamka neno, na tayari macho ya mtazamaji yameshaamua kama mahali pale pana hofu, upweke, fahari au mateso. Macho huamua kwa kuangalia vitu viwili: seti, yaani kila kilichojengwa au kupangwa mbele ya kamera, na taa, yaani namna vitu hivyo vilivyomulikwa na namna vilivyoachwa gizani.

Hoja ya mjadala huu ni kwamba katika filamu za aina hii seti ndiyo inayozaa hisia, na taa hufuata nyuma yake. Msemaji wa kwanza anaiunga mkono hoja kwa niaba ya wabunifu wa seti. Wa pili anaipinga kwa niaba ya wapiga picha wakuu na mafundi wa taa. Wa tatu ni mwongozaji, ambaye kazini ndiye anayewasikiliza wote wawili na kukata shauri. Filamu itakayovutwa huku na huku kuliko nyingine ni Blade Runner ya mwaka 1982, kwa kuwa kila upande huihesabu kuwa yake.

Msemaji wa seti anaanza na Alien, filamu ya Ridley Scott iliyotoka mwaka 1979. Hofu ya filamu hiyo, anadai, ilipigiliwa misumari kabla taa hata moja haijawashwa. Katika studio za Shepperton, Uingereza, korido za chombo kiitwacho Nostromo zilijengwa na kuunganishwa moja kwa nyingine, hata mwigizaji aliyeingia ndani hakuweza kuchomoka pembeni. Ilimbidi apite njia yote. Seti nyingi za studio hazina dari, kwa sababu juu ndiko taa zinakotundikwa. Hapa dari iliwekwa, tena chini, ikawa inaonekana juu ya vichwa vya waigizaji. Kuta zilijazwa mabomba, nyaya na vipuri vya ndege chakavu, mbinu ambayo Roger Christian, mmoja wa wasanii wa seti hizo, alikuwa ameitumia miaka michache kabla katika Star Wars. Kilichopatikana ni chombo cha angani chenye sura ya chumba cha injini cha meli ya mizigo, na ndani yake mna wafanyakazi wanaobishania malipo yao. Mtazamaji anabanwa pamoja nao.

Seti inapobadilika, anaendelea, hofu nayo hugeuka sura. Wahusika wanapoingia kwenye chombo kigeni kilichobuniwa na msanii wa Uswisi H. R. Giger, kuta si za chuma tena. Ni kama mifupa na mirija, na maiti ya rubani mkubwa imeshikamana na kiti chake. Ili maiti hiyo ionekane kubwa zaidi, Scott aliwavalisha watoto mavazi ya anga yaliyopunguzwa, akawapiga picha kando yake. Hiyo ni hila ya vipimo. Fundi wa taa hakuwa na mkono ndani yake.

"Ndugu yangu ametaja kila kitu isipokuwa kiumbe chenyewe," anajibu msemaji wa taa. Aliyekuwa ndani ya vazi la kiumbe yule ni Bolaji Badejo, mwanafunzi wa sanaa kutoka Nigeria, kijana mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili. Kama korido zile zingemulikwa sawasawa kila kona, watazamaji wangemwona mtu mrefu aliyevaa mpira. Scott na mpiga picha wake, Derek Vanlint, walimtoa kwa vipande: fuvu linang'aa kidogo, taya zinafunguka, kisha giza. Mwishoni, chombo kinapokaribia kulipuka, taa zinawaka na kuzima kwa kasi katikati ya mvuke, na mtazamaji hawezi tena kutofautisha bomba na mkono wa kiumbe. Hata ukumbi wa mayai, ambao unaonekana hauna mwisho, ulipata kina chake kutokana na utando wa mwanga wa leza uliotandazwa juu ya ukungu. Leza hizo ziliazimwa kutoka kwa bendi ya muziki ya The Who.

Msemaji huyo hataki kuishia kwenye filamu yenye seti ghali. Analeta ushahidi wa filamu isiyojengewa seti kabisa. Mwaka 1965 Jean-Luc Godard alitengeneza Alphaville, habari ya mji wa sayari nyingine unaotawaliwa na kompyuta iliyopiga marufuku hisia. Mji huo ni Paris yenyewe ya wakati ule, na safari ya kuvuka anga hufanywa kwa gari la kawaida barabarani. Mpiga picha Raoul Coutard alipiga kwa filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, usiku, akitegemea zaidi taa za mitaani, za hoteli na za ofisi. Kompyuta inayotawala mji huonekana mara nyingine kama feni ndogo inayozunguka mbele ya mwanga. Feni ya kawaida, na bado sauti yake nzito inapotoka mtazamaji anaingiwa na baridi. Katika filamu hii hakuna fundi seremala aliyeitwa. Giza na balbu ndizo zilizougeuza mji wa watu kuwa mji wa mashine.

Jibu la msemaji wa seti ni kwamba kuchagua nako ni kubuni. Godard hakuweka kamera mbele ya nyumba za kale ambazo watalii huzifuata Paris. Alikwenda kwenye majengo mapya ya kioo na zege, kwenye korido ndefu zenye milango inayofanana, kwenye ngazi za mzunguko na lifti. Mwanga uleule ungeangukia soko la mboga, pasingekuwa na hofu yoyote. Hoja hii ina mashiko zaidi kuliko inavyopewa sifa, kwani sehemu kubwa ya kazi ya mbunifu wa seti ni kutembea akitafuta mahali panapofaa. Gattaca ya mwaka 1997 ilifanya vivyo hivyo ilipolitumia jengo la serikali la Marin County, California, lililobuniwa na Frank Lloyd Wright, kuwa makao ya shirika linalochuja watu kwa vinasaba vyao.

Hapo ndipo Blade Runner inapofikishwa mezani, na mvutano unakuwa mkali.

Msemaji wa taa anakumbusha mahali ilipopigwa. Mitaa ya Los Angeles ya mwaka 2019 inayoonekana kwenye filamu ilikuwa mtaa wa bandia wa studio huko Burbank, uliojengwa kuiga New York na uliokwisha kutumika katika filamu nyingi. Mchana, mtazamaji mzoefu angeutambua mara moja. Kwa hiyo ukapigwa usiku, chini ya mvua ya mabomba, ndani ya moshi mzito. Mpiga picha Jordan Cronenweth aliweka taa kali nyuma ya waigizaji, zikielekea upande wa kamera. Mvua isiyomulikwa kutoka nyuma karibu haionekani kwenye picha. Ikimulikwa hivyo, kila tone linakuwa uzi wa fedha. Moshi nao huonyesha njia ya mwanga, na nyuso hubaki nusu gizani. Upweke wa mpelelezi Deckard umo katika kivuli hicho, msemaji anasisitiza.

Upande wa pili haukubali. Mtaa ule haukuachwa ulivyokuwa. Mbunifu Lawrence G. Paull na msanii Syd Mead walishika wazo moja: mji wa baadaye haubomoi mji wa zamani, unaubandikia vitu juu. Kuta za matofali zikafungiwa mabomba ya hewa, mitambo, nyaya na mabango, tabaka juu ya tabaka, kama nyumba ambayo kila mpangaji ameongeza chake bila kuondoa cha mwenzake. Hisia ya mji uliochoka, wenye watu wengi na usio na mwenyewe, inatokana na tabaka hizo. Mwanga wa Cronenweth ungepita patupu kama pasingekuwa na kitu cha kuuzuia na kuukata vipande. Tena, anauliza, mabango ya neoni yanayomulika nyuso za wapita njia ni mali ya nani? Yalichorwa, yakatengenezwa na kupachikwa na watu wa seti.

Moshi pia unagombaniwa. Watu wa taa huudai kwa sababu bila wao hauonekani. Watu wa seti huudai kwa sababu hufunika mwisho wa ukuta na kuufanya mtaa uonekane unaendelea. Ukweli ni kwamba moshi hufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja, na filamu chache zimeutegemea kiasi hicho.

Msemaji wa taa bado ana silaha moja, nayo ni macho. Katika baadhi ya maonyesho ya Blade Runner, macho ya binadamu wa kutengenezwa hung'aa kidogo kwa rangi ya dhahabu iliyofifia. Kioo chenye uwezo wa kupitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu kiliwekwa mbele ya lenzi kwa pembe ya digrii 45, na mwanga hafifu ukaelekezwa kwenye kioo hicho ili uingie machoni mwa mwigizaji kwa njia ileile ambayo kamera inatazamia. Shaka inayoiendesha filamu nzima, nani ni mtu na nani si mtu, inakaa ndani ya mng'ao ule, na mng'ao ule hauna ukuta wala fanicha.

"Na kioo hicho kilizaliwa wapi?" anauliza msemaji wa seti. Asili ya mbinu hiyo ni kazi ya Eugen Schüfftan, Mjerumani aliyetumia vioo katika Metropolis ya Fritz Lang, mwaka 1927, ili kuwaunganisha waigizaji hai na mifano midogo ya mji mkubwa katika picha moja. Kioo kilibuniwa kwa ajili ya majengo. Watu wa taa walikirithi.

Mwongozaji, aliyekuwa kimya, anaona kwamba wote wawili wanavuta kamba moja bila kuuliza imefungwa wapi. Kwa maoni yake swali la kwanza mbele ya kila onyesho ni hili: katika ulimwengu huo, mwanga unatoka wapi, na nani anaumiliki? Filamu inayotokea leo inaweza kuliacha swali hilo, kwani kila mtu anajua jua, balbu na jiko. Filamu ya bunilizi ya kisayansi hailikwepi. Jibu lake huonekana kwenye seti, huwashwa na fundi wa taa, na ndilo linalompa mtazamaji hisia ya kuishi pale.

Anarudi kwenye Blade Runner kwa jicho hilo. Sebastian, fundi anayetengeneza viumbe, anaishi karibu peke yake ndani ya jengo la Bradbury, jengo halisi la mwaka 1893 katikati ya Los Angeles, lenye ua wa ndani, ngazi za chuma kilichosukwa na paa la kioo. Watengenezaji walilijaza takataka, maji na moshi, wakapiga usiku. Mwanga mwingi ndani yake haumhusu mkazi. Miale mikali inateremka kupitia paa la kioo, inafagia sakafu, inapanda ukutani, inaondoka. Inatoka kwenye chombo cha matangazo kinachopita juu ya mji. Hata ndani ya vyumba, miale ya nje hupenya madirishani na kuwapita watu usoni. Hakuna anayeshtuka, na kutoshtuka kwao ndiko kunakotisha: wamezoea kwamba nuru ni ya wafanyabiashara na ya polisi, na faragha haipo.

Kisha linganisha na ofisi ya Tyrell, mwenye kampuni inayotengeneza binadamu wa bandia. Chumba kiko juu kabisa ya piramidi, nguzo nene, nafasi tupu, na dirishani linaonekana jua lenyewe, kitu ambacho mitaani hakipo kabisa. Deckard anapohitaji chumba kiwe na giza kwa ajili ya uchunguzi wake, pazia jeusi linashuka mbele ya jua. Tajiri anaweza kuamuru machweo yaingie chumbani kwake. Onyesho hilo halihitaji maelezo juu ya matabaka ya jamii. Mbunifu aliweka dirisha, mpiga picha akaweka rangi ya jua la jioni, na hadithi ikaamua nani ana mamlaka ya kulifunika.

Mfano wa pili wa mwongozaji ni 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, iliyotoka mwaka 1968. Makao ya wanaanga yalijengwa na kampuni ya Vickers-Armstrongs kama gurudumu kubwa la kuzunguka, lenye kipenyo cha karibu mita 12, kwa gharama iliyotajwa kuwa dola 750,000 za wakati huo. Kwa kuwa seti nzima ilizunguka na mwigizaji ndani yake, taa zilipaswa kuwa sehemu ya gurudumu, zizunguke nalo. Katika kituo cha angani pia mwanga unatoka darini, mweupe na ulioenea, na vivuli ni vichache. Hali hiyo ingepaswa kumtuliza mtu, kwani hakuna pa kujificha. Badala yake inaleta wasiwasi wa polepole: kila kitu kinaonekana isipokuwa nia ya kompyuta HAL. Mwanaanga anapoingia hatimaye kwenye chumba cha kumbukumbu za kompyuta hiyo, rangi inageuka nyekundu tupu. Mwishoni anajikuta kwenye chumba cha kulala chenye fanicha za kizamani za kifahari, na sakafu yake yenyewe ndiyo taa. Binadamu amezoea nuru kumjia kutoka juu. Ikitoka chini ya miguu, mwili unatambua kwamba mahali pale hapakujengwa na watu.

Wapinzani hao wawili hawaridhiki. Wa seti anasema swali la mwongozaji limempa ushindi, kwani taa iliyopachikwa ukutani ni seti. Wa taa anajibu kwamba taa isiyochaguliwa ukali, rangi na pembe ni pambo tu, na kwamba Geoffrey Unsworth, mpiga picha wa 2001, ndiye aliyeufanya weupe ule usiunguze picha. Kisha analeta filamu inayoutikisa msimamo wa mwongozaji: Stalker ya Andrei Tarkovsky, 1979. Ilipigwa Estonia, karibu na Tallinn, kwenye mitambo ya umeme iliyotelekezwa, nyasi ndefu na maji yaliyotuama. Mitambo ya ajabu haimo na taa za siku zijazo hazimo. Wahusika wanasafiri kwenda eneo lililokatazwa, na mwanzoni, nje ya eneo hilo, picha ni za rangi ya kahawia. Wahusika wanapoingia ndani yake, kijani kinafunguka ghafla. Hapo, anauliza, mwenye nuru ni nani?

Mwongozaji anakiri kwamba Stalker ndiyo inayolibana swali lake, lakini hajalitupa. Eneo lile linatisha na kuvuta kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambayo nuru yake haina mwenyewe. Mchana wake wa mawingu haujamilikiwa na serikali wala kiwanda. Seti ni mabaki ya umiliki ulioshindwa, na mwanga wa kawaida unayapita kana kwamba hayapo. Jibu hilo halimshawishi kila msikilizaji. Sehemu ya nguvu ya Stalker hutokana na muda mrefu wa kila picha, jambo ambalo si la seti wala la taa.

Mjadala ungebaki wa studio kubwa kama usingefika Afrika Mashariki, ambako swali la nani ana umeme si la kubuni. Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, iliyoonyeshwa Sundance mwaka 2010, ina dakika zipatazo 21 tu. Ilipigwa Afrika Kusini. Hadithi yake inatokea katika eneo la Afrika Mashariki miaka 35 baada ya vita vya dunia vya kugombea maji, ndani ya makao yaliyofungwa ambako jasho na mkojo huchujwa vinywewe tena. Umeme wa makao hayo huzalishwa na wakazi wanaofanya mazoezi kwenye mashine. Kila taa inayowaka, basi, imetokana na mwili wa mtu. Ndani, nuru ni hafifu, ya kijivu na baridi, na nafasi zimebana. Asha, mhusika mkuu anayefanya kazi katika jumba la makumbusho, anapotoroka na mche mchanga wa mmea, picha inamwagikiwa na jua la jangwa, jeupe, lisilo na huruma. Mtu angetarajia kwamba kutoka kwenye kifungo hicho kungeleta nafuu ya macho. Kahiu anakataa nafuu hiyo, na uamuzi huo ni wa kishujaa: nuru ya bure iliyoko nje ndiyo inayoua, na ndiyo mche unayoihitaji.

Msemaji wa seti anapata nguvu kutoka Neptune Frost ya mwaka 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa Rwanda na inayosemwa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Hadithi ni ya wachimba madini ya koltani na wadukuzi wanaojenga kijiji chao kwa mabaki ya kompyuta. Mavazi yaliyobuniwa na Cedric Mizero yametengenezwa kwa nyaya, vibonye vya kibodi na vipande vya mashine zilizotupwa. Vitu hivyo vilitoka ardhini mwao vikiwa madini, vikarudi vikiwa taka, na filamu inavivaa. Msemaji wa taa anaongeza, kwa haki, kwamba Uzeyman mwenyewe alikuwa mpiga picha, na kwamba rangi kali za usiku katika kijiji hicho ndizo zinazoifanya taka ionekane kama vito.

Studio za karne hii zimeanza kuufuta mpaka wenyewe. Katika Gravity, 2013, Emmanuel Lubezki alimweka mwigizaji ndani ya sanduku ambalo kuta zake ni paneli za taa za LED zinazoonyesha dunia na jua vikizunguka. Kilichoonekana kuwa mandhari ndicho kilichomulika uso. Mwaka huohuo Oblivion iliizungushia nyumba ya vioo skrini kubwa, na juu yake projekta 21 zikamwaga picha za mawingu zilizopigwa mlimani Haleakalā, Hawaii, hadi nuru ya asubuhi ndani ya nyumba ikatoka kwenye mawingu hayo. Katika Dune ya mwaka 2021, mbunifu Patrice Vermette alilichora kasri la sayari ya jangwa kwa kuta nene na matundu machache ya mwanga, kwa sababu wakazi wake hulikimbia jua. Mpiga picha Greig Fraser alipokuja na vivuli vyake, vivuli vilikuwa vimeshajengwa. Wote wawili walipata tuzo ya Oscar kwa filamu hiyo, kila mmoja kwa fani yake.

Mbinu ya kuta za LED, iliyoenea baada ya tamthilia ya The Mandalorian ya mwaka 2019, imehamisha pia wakati wa kukata shauri. Zamani mpiga picha angeweza kuingia kwenye seti iliyokamilika na kuzima nusu ya taa. Sasa picha ya machweo itakayoonekana ukutani, na itakayowamulika waigizaji, lazima iwe imetengenezwa kabla ya siku ya kupiga. Mbunifu wa seti, mpiga picha na wachoraji wa kompyuta hukutana wiki nyingi mapema, mbele ya mji usiokuwepo, wakikubaliana jua liko upande gani.